Wasomaji wa Siku ya Posho

Maman Asifiwe alizikwa mwezi uliopita, na kwenye matanga yake hakuna aliyejua anikalishe wapi. Ndani ya nyumba, kwenye mikeka, walikaa dada zake waliotoka Mumosho. Barazani walikuwa akina mama wa shirika la parokia, na uani, chini ya turubai la bluu, majirani na wenzake wa sokoni waliouza makala, yaani makaa. Binti mmoja aliyekuwa akipokea wageni aliniinamia. "Maman, uko upande ya nani? Uko wa familia?" Nikasema hapana. "Uko wa shirika?" Hapana. "Basi mulijuana wapi na marehemu?" Nikamwambia, "Tulisomaka pamoja." Alinitazama tena, maana marehemu alinizidi kwa miaka mingi na kila mtu alijua hakuvuka klasi ya tatu, lakini msibani hakuna anayebishana na mgeni. Akanipa kiti cha plastiki pale mlangoni, si ndani wala si nje, nikaimba na kuomba nao hadi jeneza lilipotoka. Tangu siku ile nalitafakari jibu nililompa. Nimefundisha mpaka nywele zangu zimekuwa nyeupe, nimesoma na watu wa kila namna, lakini nikisema nilisoma na mtu kweli, nikakaa naye mbele ya maneno hadi maneno yakatugeukia, basi ni mwaka ule mmoja tu, na watu wale wanne.

Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na tatu, mwalimu wa klasi ya tatu katika shule ya msingi iliyobanwa kwenye mteremko wa Kadutu, ambapo paa la nyumba moja liko usawa wa mlango wa nyumba nyingine. Chini kidogo ya shule nilipanga chumba: kitanda, meza, mbabula ya kupikia, na dirisha lililotazama ukuta wa jirani. Katika chumba hicho nilimngojea Paskali. Alikwenda Shabunda kuchimba dhahabu kwa sababu wajomba zangu walitaka ng'ombe wa mahari na yeye hakuwa hata na mbuzi. Aliniahidi atarudi kabla ya Noeli. Kule mashimoni hakukuwa na rezo ya simu, kwa hiyo mwanzoni zilikuja salamu tu, kwa midomo ya wafanyabiashara: Paskali ni mzima, Paskali amekonda, Paskali anasema usichoke. Kisha salamu zikakoma. Noeli ikapita, wajomba wakaanza kutaja jina la mwanaume mwingine, mwenye duka. Siku za kazi niliweza kuishi, kwa kuwa watoto hawampi mtu nafasi ya kuwaza. Lakini Jumamosi, ambayo sisi tunaiita siku ya posho, masomo yaliisha mapema, shule ikanyamaza, nami nikateremka chumbani na kukaa kitandani, nikisikiliza nyayo za wapita njia, nikizipima moja moja kama ni zake. Jirani aligombana na mumewe, jirani mwingine alitwanga sombe, majani ya muhogo, na kila mtu mjini alikuwa na mtu wa kugombana naye au kumtwangia sombe. Watu wamenisifu baadaye, hata mbele ya wakaguzi, kwamba nilianzisha kundi la kusoma la wazazi kwa kupenda vitabu. Mimi niliogopa Jumamosi. Nilitaka watu wakae nami mahali, basi, na vitabu ndivyo vilivyokuwa karibu, vimejaa vumbi ndani ya katoni kwenye kabati la direkta.

Direkta alikubali kwa kupunga mkono, bila kuinua kichwa. Nikabaki na swali la kumpata wapi mzazi wa kwanza. Alhamisi moja, watoto wakiwa wameinamia hesabu, kivuli kilitua mlangoni. Alikuwa Papa Mulonda, mtu wa Mwenga, mfanyabiashara aliyepeleka sabuni, chumvi na nguo huko mashimoni na kurudi baada ya majuma mengi. Binti yake Riziki alikuwa klasi yangu. Alisimama na kofia mkononi, viatu vyake vyekundu kwa udongo wa njia, na nilipomwona nilifurahi hata nikacheka. "Papa Mulonda! Nilikuwa natafuta muzazi mumoja tu wa kuanza naye, na Mungu amekuleta." Nikamweleza yote palepale, kwa haraka, kabla hajapata nafasi ya kuniuliza habari za Riziki. Aliizungusha kofia. "Kusoma, Madame? Batu wakubwa?" Nikasema ndiyo, siku ya posho, baada ya masomo. "Na mwenye hajue Kifaransa?" Nikasema nitageuza kila kitu kwa Kiswahili. Nikamuuliza, kama nilivyomuuliza kila mtu aliyetoka huko, "Na Shabunda, habari gani?" Akatazama dirishani. "Kule mvua ni mingi, Madame. Mingi sana." Kisha akavaa kofia. "Sawa. Nitakuja posho. Nitaleta na bengine."

Alileta watatu. Mmoja alikuwa Papa Cirimwami, mkatekista mzee aliyetoka Miti kuja kulea wajukuu zake mjini, ambaye Kifaransa chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Wa pili, Maman Chantal, aliuza sambaza, akaja na beseni lake kichwani moja kwa moja kutoka ziwani, klasi nzima ikanuka samaki hadi Jumatatu. Wa tatu ndiye Maman Asifiwe. Aliuza makala kando ya barabara, mwanamke mrefu asiyetabasamu bure, na mtoto wake wa pekee, Asifiwe, alikaa benchi la pili mbele ya macho yangu kila siku. Nilifagia klasi mara mbili siku ile. Nilipika chai kwenye mbabula ukumbini. Wakakaa kwenye madawati ya watoto, magoti yakiwafikia vifuani, na hawakuulizana mambo mengi. Nilidhani ni aibu ya watu wazima waliorudi shuleni. Katoni lile lilikuwa na vitabu vya kutengeneza injini na kimoja tu cha hadithi, kisichokuwa na jalada, kwa hiyo hicho ndicho tulichosoma: kisa cha muoka mikate katika nchi ya baridi, mlevi, na mkewe Elen, aliyekula fimbo zake, na binti yao mdogo, Lusi, aliyekuwa na kikohozi. Mimi au Papa Cirimwami tulisoma sentensi kwa Kifaransa, tukaigeuza, na kabla haijakauka hewani walikuwa wameshaikamata.

"Ile barafu inaangukaka yenyewe?" aliuliza Maman Chantal.

"Yenyewe, toka mbinguni," akasema Papa Cirimwami.

"Na batu banalima wapi?"

"Banangojaka iishe."

"Banangoja banakula nini? Huyu mwanaume iko anakunywa pombe, mikate hauzi. Na huyu bibi iko ananyamaza tu."

"Anyamaze juu ya nini?" akasema Maman Asifiwe. "Angeongea. Angerudi kwao."

"Kwao ni mbali, si ulisikia?"

"Hakuna kwao ya mbali kushinda fimbo."

Waligombana namna hiyo juu ya watu wasiokuwepo, huku wakila mahindi ya kuchoma na sambaza wa Maman Chantal, na mimi nilikaa katikati nikisikia joto likinirudia mwilini. Asifiwe alimngojea mama yake nje, akiruka kamba na Riziki. Kila chai ilipomiminwa alichungulia mlangoni, msichana mwembamba, pengo la jino mbele, akauliza, "Mama, Lusi amepona?" Mama yake akajibu, "Bado. Enda ucheze." Januari ikaisha, Februari ikaisha. Niliona wakati mwingine kwamba wakinyamaza walinitazama wote kwa pamoja, na kwamba Papa Mulonda alikuwa na kawaida ya kufungua kinywa mwishoni, chai ikiwa imekwisha, kisha kukifunga na kuchukua kofia yake. Sikuliuliza hilo. Mtu anayepashwa moto haulizi kuni zimetoka wapi.

Ilikuwa Jumapili ya mwezi wa Machi. Mvua ilikuwa imenyesha juma zima, na siku ile iliacha asubuhi, watu wakaenda misa, kisha ikarudi kwa nguvu mchana. Maman Asifiwe alibaki parokiani na akina mama wa shirika. Mtoto alitangulia nyumbani kuangalia maharage motoni. Mimi nilikuwa chumbani kwangu niliposikia sauti ambayo sikuijua, nzito na fupi, halafu kelele. Nilipopanda, sehemu ya mlima ilikuwa haipo. Palipokuwa na nyumba yao na mbili za jirani palikuwa na tope jekundu lililolala kwa utulivu, na wanaume juu yake wakichimba kwa majembe, kwa masufuria, kwa mikono. Papa Mulonda alikuwemo, shati limemchanika begani. Walimpata Asifiwe kabla jua halijazama. Alikuwa bado na gauni la misa. Maman Asifiwe alikuja akiteremka njiani kwa mwendo wa kawaida, hakuwa anakimbia, maana hakuna aliyekuwa amemwambia, na nilimwona Maman Chantal akimwendea, na mwanamke mwingine, na mwingine, wakamshika mikono pande zote mbili kabla ya kusema neno. Ndivyo inavyofanywa kwetu. Habari ya kifo haipewi mtu aliyesimama peke yake. Nililiona hilo kwa macho yangu, nikalia pamoja na wengine, na halikunifundisha chochote.

Baada ya maziko watoto wa klasi yangu waliacha nafasi ya Asifiwe wazi kwenye benchi la pili. Niliwaambia wasogee, wakasogea, na saa moja baadaye nafasi ilikuwa palepale tena. Siku ya posho iliyofuata hakuja mtu. Ile nyingine tulikutana, tukanywa chai, tukamsikiliza Papa Cirimwami akisali rozari. Mimi na yeye tulijua jambo moja ambalo wengine hawakulijua, kwa kuwa sote wawili tulikuwa tumesoma mbele: Lusi hakupona. Katika sura inayofuata alikufa, na muoka mikate aliacha tanuri lizimike. Tulikuwa tumekubaliana, bila kusema wazi, kwamba kitabu kile kimekwisha. Lakini mwezi wa Mei, siku ambayo hatukumtazamia, Maman Asifiwe aliingia. Alikuwa amekonda, kitambaa cheusi kichwani. Hakwenda kwenye dawati lake la kawaida nyuma. Alikaa benchi la pili, kwenye ile nafasi, akaweka mikono juu ya meza. "Tulifika wapi?" akauliza.

Nikasema labda leo tuzungumze tu. "Mi sikukuja kuongea, Madame. Nilikuja kusoma." Papa Cirimwami alinitazama, kisha akachukua kitabu, akavaa miwani yake iliyofungwa uzi. Akasoma ukurasa ambao Lusi yuko kitandani na Elen anachemsha maji. Akaugeuza kwa Kiswahili vizuri. Kisha nikaona kidole chake kikishika karatasi nyingi kwa pamoja na kuzipindua kama karatasi moja. Akasoma kwa Kifaransa kitu ambacho hakikuandikwa popote, mzee yule ambaye maisha yake yote aliwakemea watoto kwa uongo mdogo, akageuza: asubuhi homa ilishuka, mtoto akaomba mkate. Maman Chantal akapumua kwa sauti. "Aksanti Mungu," akasema.

"Papa," akasema Maman Asifiwe. "Umeruka makaratasi."

"Maman..."

"Niliona. Mi sijue Kifaransa, lakini karatasi najua. Mutoto alikufa?"

Papa Cirimwami alivua miwani. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi. "Alikufa, Maman."

"Basi soma vile imeandikwa. Asifiwe alikuwa ananiuliza kila posho kama Lusi amepona. Alilala na hiyo swali. Mi niko hapa juu ya ile jibu, haiko juu ya ingine."

Mzee akarudi kwenye karatasi alizoruka, akasoma. Sikumbuki Kifaransa chake, nakumbuka Kiswahili, kikitoka polepole kama mtu anayepakua mzigo mzito kutoka kichwani kwa mwingine asiuangushe. Mtoto aliita mama yake. Mama alikuja. Mtoto hakumwona. Walimbeba kwenye jeneza jeupe barafuni, na baba alitembea nyuma bila kofia. Maman Chantal alijifunika uso kwa kitenge. Mimi nilishika ukingo wa meza ya mwalimu. Maman Asifiwe alisikiliza hadi mwisho, ameinamisha kichwa upande mmoja, kama mtu anayepewa maelezo ya njia.

"Mama yake alimuvalisha nini?" akauliza.

Papa Cirimwami alitafuta kwa kidole, ukurasa wa kwanza, wa pili. "Haiko mu kitabu, Maman."

"Basi mwenye aliandika hakuzikaka mutoto," akasema. Halafu akageuka kwenye benchi, akaninyoshea kidevu, na sauti yake ikapanda kwa mara ya kwanza tangu tumzike Asifiwe. "Na huyu? Huyu mutamusomea siku gani?"

Nilidhani anazungumzia zamu ya kusoma. Nilisema, "Nitasoma posho yenye kuja." Hakuna aliyecheka. Niliwatazama mmoja mmoja na kila mmoja aliangalia chini, isipokuwa Papa Mulonda, aliyekuwa amesimama, na kofia mkononi, namna ileile aliyosimama mlangoni siku ya kwanza.

"Madame," akasema, "ile siku nilikuja hapa ku mulango, haikuwa juu ya Riziki."

Nikasema, "Usiseme."

"Paskali alikufa mbele ya Noeli. Shimo ilibaangukia, juu ya mvua. Balikuwa bengi ndani. Hakuna mwenye alitoka. Nilifika siku ya tatu, nikaona batu banalia pale juu, nikauliza majina."

"Usiseme, Papa."

"Nilikuja kukuambia. Ukaniona, ukacheka. Ukasema Mungu amenileta. Nikashindwa. Nikasema nitakuambia posho, na sitakuja peke yangu, nitaleta batu bakushike. Nikabaambia hawa. Tukakuja. Ulikuwa umefagia, umepika chai. Tukasema basi, posho ingine." Akavaa kofia, akaivua tena. "Kila posho tulikuwa tunakuja juu ya kukuambia."

Nimeishi na sentensi hiyo muda mrefu kuliko nilivyoishi na mtu yeyote. Miezi ile yote niliamini kwamba mimi ndiye niliyewakusanya. Niliwaona watu wazima wakipanda mlima na mabeseni na vitenge vilivyolowa, nikajisifu moyoni kwamba nimewaonjesha hadithi, kumbe walikuwa wajumbe wa msiba, wamekaa miezi mitano mlangoni pangu wakiwa na maiti mikononi na hawajui pa kuilaza. Hata hivyo waligombana kweli juu ya Elen na mlevi wake, hilo silitilii shaka. Walicheka kweli. Sijui hadi leo niuite wema au woga. Nikiwa na mwalimu kijana mbele yangu anayelilia mambo aliyofichwa, najikuta mara namtetea yeye, mara nawatetea waliomficha. Lakini siku ile nilihisi aibu tu, aibu kali kuliko huzuni, ya mtu aliyevuliwa nguo mbele ya wageni miezi mitano na kila mmoja akaangalia pembeni. Niliwauliza, "Mote mulijua?" Maman Chantal akachukua kitambaa, akafunika beseni lake la sambaza, akakikunja pembe, akakikunjua. "Mi waliniambiaka siku ile ile," akasema Maman Asifiwe, sasa kwa sauti ya chini. "Batu walinishika, nikaanguka, nikalia. Wewe uko unafagia klasi, unamungojea mutu. Hapana. Hiyo hapana." Walinyanyuka kunishika, kama inavyofanywa. Nikawapita wote, nikateremka mlima.

Kundi halikufa, nilieleze hilo mapema. Papa Cirimwami alikimaliza kitabu pamoja nao kabla ya likizo kubwa. Waliniambia baadaye kwamba muoka mikate aliacha pombe, na kwamba Maman Chantal hakuamini hata kidogo. Lakini mimi sikuwepo. Nilifundisha juma moja nikiwa sijui ninafundisha nini, kisha nikashindwa kuamka. Direkta akaiunganisha klasi yangu na nyingine. Nilikuwa nimekusudia kwenda Shabunda, nilifunga hata begi, na Papa Mulonda akaja akasimama nje ya dirisha, kwa maana sikumfungulia, akasema, "Madame, hakuna kitu ya kuona. Benyewe bameanza kuchimba shimo ingine kando." Nikatuma neno kwa familia ya Paskali huko Bunyakiri. Jibu lilirudi kupitia dereva wa lori: matanga yalishafanyika kitambo, walilia siku zao, wakanyoa. Hawakuniita kwa kuwa hakuna ng'ombe aliyevuka kutoka kwao kuja kwetu. Kwa hiyo sikuwa mjane. Sikuwa hata na haki ya kitambaa cheusi, na wajomba zangu walipopata habari walisema, kwa upole kabisa, kwamba sasa yule mwenye duka anaweza kuja kuzungumza. Nililala nikitazama ukuta wa jirani. Bugali aliyoniletea mama mwenye nyumba ilikauka kwenye sahani. Sitaki kusema niliwaza nini siku zile. Nitasema tu kwamba nilikuwa nimeacha kusikiliza nyayo njiani, na kwamba hilo lilikuwa baya zaidi kuliko kuzisikiliza.

Asubuhi moja mlango ulisukumwa, na Maman Asifiwe akaingia bila kubisha. Alitazama sahani, alitazama begi lililofungwa, akaketi kwenye ukingo wa kitanda. Mikono yake ilikuwa myeusi kwa makala. Nilimwambia aende. Nikamwambia kwamba yeye hawezi kuelewa, neno la kijinga kuliko yote niliyowahi kumwambia mtu. Hakukasirika.

"Ulilia?" akauliza.

"Nimulilie wapi, Maman? Kwao balimaliza. Kwetu hawamutaji. Hata alipolala sipajui."

Akawaza. "Mimi niko na kaburi," akasema. "Wewe uko na nini?"

"Sina kitu."

"Vaa viatu."

Nilivaa, sijui kwa nini. Tulitembea mchana kweupe, yeye mbele na mimi nyuma, tukapita sokoni katikati ya mabeseni na pikipiki na watu waliotusalimia, tukashuka, tukapanda tena. Makaburini majani yalikuwa marefu na vilima vya udongo vilibanana kama nyumba zetu za Kadutu. Cha Asifiwe kilikuwa kifupi, na msalaba wa mbao ulioandikwa kwa rangi nyeupe. Maman Asifiwe alipiga magoti, akang'oa majani mawili matatu, akaondoa chupa iliyotupwa na mtu. Mimi nilibaki nimesimama. Nilimwambia siwezi, hapa si pake, hapa ni pa mtoto wake.

"Najua ni pa nani. Mi njo nilimuweka." Akasogea upande mmoja wa kilima kile kidogo, akaacha upande wa pili wazi. Kisha akaweka kiganja juu ya udongo na kuinama, na akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ambayo mama humwamshia mtoto kwenda shule: "Asifiwe, Madame iko hapa. Iko na mutu wake, jina yake Paskali, hana kwenye analala. Umuachie nafasi kidogo."

Ndipo nilipopiga magoti. Udongo ulikuwa wa baridi, unyevu chini ya magoti yangu. Nililitaja jina la Paskali kwa sauti, mara moja, mara mbili, na mara ya tatu halikuwa jina tena, lilikuwa kilio kilichotoka mahali nisipopajua, kikanitupa kifudifudi juu ya kaburi la mtoto niliyemfundisha kuandika. Maman Asifiwe alinishika mkono. Hakuniambia ninyamaze. Alipoona nimechoka alisema, "Lia tu, hatuna haraka," akang'oa jani lingine, na tukabaki pale sisi wawili, kila mmoja upande wake.